Hii antioksidanti ilipimwa kwenye mafuta gani?

Chukua paketi mbili dukani. Ya kwanza ni unga wa majani ya mlonge, na usoni mwake pameandikwa kwa herufi kubwa kwamba una antioksidanti nyingi. Ya pili ni tambi za kupika dakika tatu, na ukisoma viambato vyake kwa herufi ndogo mgongoni utakuta E319. Mnunuzi anatia ya kwanza kikapuni kwa furaha. Ya pili anairudisha rafuni, maana kuna ujumbe unaozunguka WhatsApp ukidai E319 ni petroli tunayolishwa kwenye chakula.

E319 nayo ni antioksidanti. Imewekwa humo ili mafuta yaliyokaangia tambi yasichache kabla hazijakufikia. Kwa hiyo neno lilelile linasifiwa kwenye paketi moja na kuogopwa kwenye nyingine, na katika paketi zote mbili swali la maana halijaulizwa: nani aliipima, aliipimia kwenye nini, na alipima kitu gani hasa? Maana antioksidanti inayong'ara kwenye bomba la maabara inaweza isifue dafu kwenye gunia la dagaa, na nyingine ikaharakisha uharibifu uliotakiwa kuzuiwa.

Tuanze na maana. Mafuta ya chakula yakikaa na hewa, oksijeni hujishikiza kwenye molekuli zake na kuzibadilisha. Huko ndiko kuoksidika. Pua hugundua kuoksidika kabla ya kitabu: karanga zilizokaa hadi zikanuka kama rangi ya kupaka ukuta, samli iliyochacha, dagaa waliogeuka manjano ya kutu na wanaowasha koo. Antioksidanti ni kitu ambacho kikitiwa kidogo tu huchelewesha kuoksidika huko. Huchelewesha; hakuna inayozuia milele, na hakuna inayoyarudisha mafuta yaliyokwisha kuchacha yawe mazima.

Si kila harufu mbaya ya mafuta inatokana na oksijeni. Nazi iliyoachwa na unyevu hupata ladha ya sabuni. Hapo maji, yakisaidiwa na vimeng'enya au vijidudu, yamepasua mafuta na kuachia asidi huru. Ukitia antioksidanti hapo hupati kitu. Dawa yake ni kukausha vizuri. Ninalitaja hili mapema kwa sababu kuna bidhaa zinazouzwa kwa ahadi ya kuzuia mafuta kuharibika bila kusema ni uharibifu upi.

Kuoksidika kwenyewe huenda kwa mnyororo. Mwanga, joto, au chembe ya chuma au shaba hung'oa atomu moja ya haidrojeni kutoka kwenye molekuli ya mafuta. Molekuli inayobaki na pengo, iitwayo radikali huru, hudaka oksijeni, kisha hujiziba kwa kumpokonya jirani haidrojeni yake. Jirani naye anabaki na pengo, anadaka oksijeni, anampokonya wa tatu. Ni kama moto kwenye mtaa wa nyumba za makuti zilizobanana: nyumba moja ikishika, cheche inaruka hadi ya pili, na ya pili inawasha ya tatu na ya nne. Antioksidanti nyingi hufanya kazi ya nyumba yenye paa la bati katikati ya mtaa huo. Cheche inaangukia hapo, bati linaungua kidogo, lakini halirushi cheche nyingine. Nyumba hizo za bati zina idadi yake. Zikiisha, moto unaendelea kana kwamba hazikuwahi kuwepo.

Ndiyo maana mafuta hayachachi polepole kwa mwendo mmoja. Yanakaa wiki nyingi bila dalili, kisha ndani ya muda mfupi yanabadilika ghafla. Kipindi kile cha utulivu ndicho antioksidanti inachokirefusha, na vipimo vingi tutakavyoviona vinajaribu kukadiria urefu wake.

Kuna aina nyingine ya antioksidanti ambayo haigusi radikali hata kidogo. Kazi yake ni kushika chembe za chuma na shaba zisianzishe mnyororo. Asidi ya sitriki, E330, ile ile inayotia ukali kwenye soda, ni mfano mzuri. Ikitiwa peke yake kwenye kipimo cha kunasa radikali itaonekana haina faida. Ikitiwa kwenye mafuta yaliyopita kwenye mashine ya chuma inayosagika, inaweza kuokoa pipa zima. Shika mfano huu, tutauhitaji.

Kisa cha kisasa cha antioksidanti kina miaka zaidi ya 100 na kilianzia mahali pasipo na chakula. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wanakemia wawili wa Ufaransa, Charles Moureu na Charles Dufraisse, walikuwa wanashughulika na akrolini, kimiminika cha kuwasha macho ambacho hakikutaka kutulia kwenye chombo. Waligundua kwamba ukitia kiasi kidogo sana cha kemikali za jamii ya fenoli, hewa inashindwa kukiharibu haraka. Baada ya vita waliona jambo hilohilo kwenye vitu vingine vingi, mafuta yakiwemo. Karibu antioksidanti zote maarufu za leo, za kiwandani na za majani, ni fenoli au jamaa zake: BHA, BHT na TBHQ (hiyo ndiyo E319), vitamini E, yujenoli ya karafuu, sesamoli ya ufuta. Molekuli haijui kama ilizaliwa shambani au kiwandani. Inachojua ni kutoa haidrojeni kwa radikali.

Mafuta nayo hayalingani katika kuungua. Yaliyo mepesi kushambuliwa ni yale yenye vifungo maradufu vingi, yaani mahali ambapo kaboni mbili zimeshikana kwa vifungo viwili. Ukiipa asidi ya oleiki, yenye kifungo kimoja cha namna hiyo, kasi ya 1, ya linoleiki yenye viwili huenda kwa kasi ya 10 hivi, na ya linoleniki yenye vitatu huenda kwa kasi ya 20 hivi. Mafuta ya nazi, ambayo karibu asilimia 90 yake ni mafuta yaliyoshiba yasiyo na vifungo hivyo, yanavumilia sana. Alizeti ya kawaida, ambayo mara nyingi zaidi ya nusu yake ni linoleiki, inachacha mapema. Na dagaa? Mafuta yake ya omega-3 yana vifungo vitano na sita kwa molekuli, ameanikwa kwenye jua kali, amejaa damu yenye chuma, na kila mmoja ni mwembamba kiasi kwamba hewa inampata pande zote. Kama ungetaka kubuni chakula cha kumtesa mpimaji wa antioksidanti, ungebuni dagaa.

Sasa vipimo. Ninaanza na kile kinachopendwa kuliko vyote, kwa sababu ndicho chanzo cha maneno mengi ya kwenye paketi. Kinaitwa DPPH, na kilielezwa na Marsden Blois mwaka 1958. DPPH ni radikali iliyo tulivu, unga unaouzwa chupani, na ukiuyeyusha kwenye methanoli unapata zambarau iliyokolea. Unadondoshea majimaji ya mmea wako, unasubiri gizani nusu saa hivi, kisha unaangalia. Kama mmea una fenoli nyingi, zambarau inafifia na kuishia manjano hafifu. Mashine inasoma rangi iliyobaki, na unapata asilimia ya radikali zilizonaswa. Gharama ni ndogo, mwanafunzi wa shahada ya kwanza anaweza kupima mimea kumi na mitano kwa asubuhi moja, na picha zake zinavutia. Karafuu, choya, mlonge, ubuyu, majani ya chai: vyote vinageuza zambarau kuwa manjano.

Angalia tena kilichokuwa ndani ya lile bomba. Mlikuwa na methanoli, radikali ambayo haipatikani kwenye chakula chochote, na majimaji ya mmea. Mafuta hayakuwemo. Hapakuwa na oksijeni inayokula kitu, wala chuma, maji, chumvi, protini, jua. Kipimo hicho kinajibu swali moja: je, humu mna vitu vinavyoweza kutoa haidrojeni au elektroni? Ni swali halali la kuanzia, la kuchuja mimea 50 ibaki mitano. Ila kusema kwamba kwa sababu majani yamenasa asilimia 90 ya DPPH basi yatalinda mafuta ya alizeti, huko ni kuruka mto bila daraja. Asidi ya sitriki ile niliyoitaja ingefeli hapa, na ingefeli bure.

Ndugu yake anayejulikana zaidi Marekani ni ORAC. Wizara ya Kilimo ya Marekani ilikuwa na jedwali lake mtandaoni likionyesha alama za ORAC za vyakula mbalimbali, na wauzaji wa vidonge na juisi walizishika alama hizo kama matokeo ya ligi. Mwaka 2012 wizara ililiondoa jedwali hilo, ikieleza kwamba alama zilikuwa zinatumiwa vibaya na kampuni za vyakula na virutubisho, na kwamba hazina uhusiano uliothibitishwa na kinachotokea mwilini. Hadi leo bado unakutana na matangazo yanayosema kiungo fulani kinazidi tunda fulani mara 30. Ukiona hivyo, jua namba imetoka kwenye bomba.

Mtu anayetaka kujua kama mafuta yamelindwa lazima apime mafuta. Kipimo cha zamani na ambacho bado kinaheshimiwa ni namba ya peroksidi. Oksijeni ikishadakwa na molekuli ya mafuta, kitu cha kwanza kinachozaliwa ni haidroperoksidi, ambayo haina harufu wala ladha. Ili kuihesabu, mpimaji anapima gramu 5 za mafuta kwenye chupa ya koni, anayayeyusha kwa mchanganyiko wenye asidi ya asetiki, anaongeza mmumunyo wa potasiamu iodidi, anatikisa dakika moja. Peroksidi zilizomo zinaikamua iodidi na kuachia iodini, na chupa inageuka njano au kahawia kadiri peroksidi zilivyo nyingi. Anatia maji, kisha anafungua bureti, mrija wenye alama za vipimo, na kudondosha thiosalfeti, kemikali inayoiondolea iodini rangi yake, tone kwa tone hadi rangi ipauke. Hapo anadondosha wanga kidogo, na chupa nzima inageuka bluu iliyoiva, ile ile ambayo kila aliyefanya mtihani wa vitendo wa baiolojia ameiona kwenye kipande cha kiazi. Anaendelea taratibu sana. Tone moja la mwisho, bluu inapotea yote kwa mara moja. Anasoma bureti, anafanya hesabu, anapata namba.

Viwango vya kimataifa vya chakula, viitwavyo Codex, vinataka mafuta ya kupikia yaliyosafishwa yasizidi 10 kwa kipimo hicho, na yale ya kukamuliwa bila kusafishwa yasizidi 15. Kwa hiyo namba ndogo ni nzuri? Mara nyingi, ndiyo. Hapa kuna mtego ambao umewanasa watu wengi, wakiwemo waandishi wa tafiti. Haidroperoksidi haikai. Baada ya muda inavunjika na kuwa aldehidi na jamaa zake, na hizo ndizo zinazonuka na kuwasha koo. Kwa hiyo namba ya peroksidi hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka. Mafuta mapya kabisa na mafuta yaliyooza kabisa yanaweza kutoa namba moja. Mtu anayepima siku moja tu, halafu akasema mafuta yenye dawa yake yana peroksidi chache kuliko yasiyo na dawa, hajatuambia kama dawa ilizuia peroksidi zisizaliwe au ilizivunja haraka zaidi. Chuma huzivunja vizuri sana, na hakuna anayekiita mlinzi wa mafuta.

Ndiyo sababu wapimaji makini huambatanisha kipimo cha hatua ya pili. Kwa mafuta matupu hutumia namba ya anisidini, inayohesabu aldehidi, kisha huzidisha namba ya peroksidi kwa 2 na kuijumlisha na hiyo ya anisidini ili kupata picha ya jumla iitwayo totoksi. Kwa nyama na samaki kinatumika zaidi TBARS, ambacho kwacho mabaki ya mafuta yaliyovunjika hukutana na asidi ya thiobabituriki na kuwa waridi. Waridi ikikolea, uharibifu ni mkubwa. Nacho kina udhaifu wake, maana sukari na aldehidi zisizotoka kwenye mafuta zinaweza kukoleza ile waridi. Kwa samaki wa kubanika na moshi namba hiyo ingesomwa kwa uangalifu zaidi ya kawaida.

Bado kuna suala la muda. Hakuna kiwanda kinachoweza kusubiri miezi 12 ili kujua kama chupa itafika miezi 12, kwa hiyo watu huharakisha kwa joto. Mashine iitwayo Rancimat hupasha gramu chache za mafuta hadi nyuzi 110 au 120 huku ikipuliza hewa ndani yake, na kile kinachovuma kutoka kwenye mafuta hupelekwa kwenye maji safi. Mafuta yakianza kuvunjika, asidi nyepesi zinaingia kwenye maji hayo, na maji yanaanza kupitisha umeme. Grafu inayotembea chini kwa saa kadhaa ghafla inapinda kwenda juu. Saa zilizopita kabla ya kupinda ndizo alama ya mafuta hayo.

Ni mashine nzuri ya kulinganisha, na mimi naiona nzuri zaidi kwa kukagua shehena za mafuta ya aina moja kuliko kwa kuchagua antioksidanti. Kwenye nyuzi 110 mambo mawili yanabadilika. Kwanza, oksijeni inayoyeyuka ndani ya mafuta inapungua na mwendo wa uharibifu unakuwa tofauti na ule wa rafuni. Pili, baadhi ya antioksidanti huondoka na hewa. BHT ni nyepesi kupaa, na kwenye mashine inayopuliza hewa ya moto muda wote inapata alama ya chini kuliko inayostahili kwenye chupa ya kabatini. Aliyeamini mashine peke yake angeitupa. Njia ya upole zaidi ni kuweka mafuta kwenye tanuri la nyuzi 60 hivi kwa siku na wiki, ukichota kidogo kila baada ya siku chache. Wengi huchukulia siku moja humo kuwa sawa na mwezi mmoja hivi kwenye joto la chumba, makadirio ambayo yana ukweli wa kutosha kukuelekeza na si wa kutosha kukuandikia tarehe ya mwisho wa matumizi.

Sehemu inayonifurahisha kuliko zote katika elimu hii ni hii inayofuata, kwa sababu inaonyesha wazi kwa nini swali la "kwenye mafuta gani" haliepukiki. Miaka ya 1980, Mmarekani William Porter aliona jambo la kushangaza. Antioksidanti zinazopenda maji zilikuwa zinafanya vizuri kwenye mafuta matupu, na zile zinazopenda mafuta zilikuwa zinafanya vizuri pale mafuta yanapoelea kama vitone ndani ya maji. Ni kinyume cha ambavyo mtu angetarajia. Mwaka 1994 Edwin Frankel na wenzake, huko Davis, California, walionyesha hilo kwa jozi nzuri: vitamini C ya kawaida ilishinda umbo lake linaloyeyuka kwenye mafuta walipotumia mafuta matupu ya mahindi, na walipoyachanganya mafuta hayohayo na maji yakawa kama maziwa, ushindi ukageuka.

Maelezo yake ni kwamba vita vinapiganwa mpakani, pale mafuta yanapogusa hewa au maji. Kwenye mafuta matupu, hata yaliyosafishwa, kuna maji kidogo mno na vitu vinavyokusanyika kwenye mipaka hiyo midogo. Kitu kinachopenda maji kinasukumwa kwenda huko na kukuta kazi ikimsubiri. Kwenye mchanganyiko kama tui la nazi au mayonesi, kitu hichohicho kinatorokea kwenye maji mengi yaliyozunguka na kuviacha vitone vya mafuta peke yake. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba kanuni ya Porter ina mipaka, hasa kwa molekuli zenye mkia mrefu sana, ambazo zikizidi urefu fulani nguvu yake hushuka. Somo la msingi halijabadilika: antioksidanti ileile, mafuta yaleyale, ukibadilisha tu namna yalivyochanganywa, mshindi anakuwa mshindwa.

Kiasi nacho kina neno lake. Watu wengi hudhani kwamba kama kidogo kinafaa, kingi kitafaa zaidi. Vitamini E ya aina ya alfa, kwenye mafuta ya mahindi, hufanya vizuri kwenye kiasi cha karibu miligramu 100 kwa kilo, na ukiongeza sana inaanza kusaidia peroksidi kuzaliwa. Vitamini C ikiwa kidogo kwenye nyama au samaki wenye chuma inaweza kukigeuza chuma hicho kuwa umbo lake kali zaidi, na uharibifu ukaenda mbio. Kwa hiyo mtu anayenyunyizia dagaa maji ya limau kwa matumaini ya vitamini C anacheza na pande mbili: asidi ya sitriki inayoshika chuma, na vitamini C inayoweza kukichokoza. Matokeo yanajulikana kwa kupima dagaa wenyewe, si kwa kusoma sifa za limau.

Tuje kwenye karafuu, kwa kuwa Pemba na Unguja zinahusika na kwa kuwa hapa madai ni mengi. Yujenoli, inayofanya sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, ni fenoli yenye nguvu kweli, na kwenye DPPH karafuu huwa mbele ya karibu viungo vyote. Pemba hukamua mafuta si kwa karafuu tu bali hata kwa makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, kwa hiyo malighafi ipo. Lakini ili mtu aniambie kwamba makonyo yanalinda dagaa, ningetaka kuona dagaa wa siku moja wamegawanywa mafungu: fungu lisilotiwa kitu, fungu lililotiwa antioksidanti inayojulikana kama BHT kwa kiasi kinachoruhusiwa, na mafungu ya karafuu kwa viwango tofauti. Yote yaanikwe pamoja, yafungwe mifuko ya aina moja, yakae kwenye ghala lenye joto la ghala la kweli. Yapimwe peroksidi na TBARS kila wiki, si siku ya mwisho tu. Na watu waonje, kwa sababu dagaa asiyechacha lakini anayenukia pilau bado hajapata mnunuzi.

Nirudi kwa E319 na hofu yake. Ni kweli TBHQ hutengenezwa kiwandani kwa malighafi za petroli. Asili ya kitu haikuambii usalama wake. Kiasi ndicho kinachokuambia. Kamati ya pamoja ya FAO na WHO inayochunguza viongeza vya chakula imeweka kikomo cha miligramu 0.7 za TBHQ kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku, maisha yote. Mtu wa kilo 60 anapata miligramu 42. Codex inaruhusu hadi miligramu 200 kwa kila kilo ya mafuta, kwa hiyo ili kufikia kikomo hicho angekunywa gramu 210 za mafuta yaliyotiwa hadi mwisho, yaani glasi nzima, kila siku. Kwa mtoto wa kilo 15 hesabu inashuka hadi gramu 52 au 53 hivi za mafuta ya namna hiyo, na mzazi ambaye mwanawe anakula tambi na krispi asubuhi hadi jioni ana haki ya kulifikiria.

BHA ina historia nzito zaidi na sipendi ifichwe. Mapema miaka ya 1980, watafiti wa Japani waliwalisha panya chakula chenye asilimia 2 ya BHA na panya wakapata uvimbe kwenye tumbo la mbele, kiungo ambacho binadamu hana. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani kwa binadamu. Asilimia 2 ni miligramu 20,000 kwa kilo ya chakula chote. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwa kawaida ni 200 kwa kilo ya mafuta peke yake. Msomaji akiamua kuiepuka, sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni pale anapoiepuka na badala yake akanunua mafuta ya kukamua yaliyowekwa kwenye chupa nyeupe juani kandokando ya barabara.

Maana hapo ndipo hasara ya kweli ilipo. Alizeti ya kukamua ya Singida au Dodoma inatoka na vitamini E yake ya asili, kinga nzuri kabisa. Inatoka pia na mabaki ya klorofili, na klorofili ikipigwa na jua huiamsha oksijeni kuwa ya aina kali inayoshambulia mafuta bila kusubiri mnyororo uanze. Antioksidanti za kukata mnyororo haziwezi sana kuizuia. Chupa ile ikikaa juani siku kadhaa, vitamini E inaliwa, na kama mafuta yameongezwa vitamini A, kama sheria za Tanzania na Kenya zinavyotaka kwa mafuta ya viwandani, peroksidi zinaila nayo. Mama ananunua mafuta akidhani analinda macho ya mtoto, kumbe kilichokusudiwa kimeishia barabarani. Chupa ya rangi ya giza, kifuniko kinachobana na kivuli vinafanya kazi ambayo hakuna unga wa majani utakaoifanya baadaye.

Jambo moja kuhusu mafuta ya kukaangia, kwa sababu huulizwa sana. Namba ya peroksidi haifai kwa mafuta yaliyokaangia chipsi wiki nzima, kwani kwenye nyuzi 180 haidroperoksidi huvunjika mara tu zinapozaliwa. Yanaweza kusomeka mazima huku yamekuwa meusi na mazito. Hayo hupimwa kwa jumla ya vitu poli (polar kwa Kiingereza), yaani mabaki ya mafuta yaliyovunjika na kubadilika, na nchi kadhaa za Ulaya huyakataa yakifika kati ya asilimia 24 na 27.

Kwa mkamuaji mdogo asiye na bureti wala Rancimat, kuna jaribio ambalo anaweza kulifanya kwa uaminifu. Jaza chupa za giza za ukubwa mmoja kwa mafuta ya siku moja, nusu yake utie unachotaka kukijaribu, nusu uziache. Acha nafasi ileile ya hewa kwenye kila chupa, ziweke zote mahali pamoja penye joto, na nyingine chache za aina zote mbili uziweke kwenye friji ziwe za kulinganishia. Kila wiki mimina vikombe vitatu vidogo, viwili vya aina moja na kimoja cha nyingine, bila alama inayoonekana, umpe mtu asiyejua ni vipi anuse na akuonyeshe kilicho tofauti. Akibahatisha atapatia mara moja kwa kila tatu. Rudia na watu kumi au zaidi, uandike tarehe ambayo wengi walianza kupatia chupa zisizotiwa kitu dhidi ya zile za friji, na tarehe ambayo walianza kupatia zile zilizotiwa. Siku zilizo kati ya tarehe hizo mbili ndizo antioksidanti yako imekununulia, kwenye mafuta yako, kwenye joto la ghala lako.